Geji Tano za Verlin Haugstad

Kuna watu wanaharibu mambo kwa kutojua. Hao siwasemi. Ninayemsema ni Verlin Haugstad, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara hapa Genesee, Idaho, ambaye jambo aliloliharibu alikuwa analijua kuliko mtu yeyote kati ya hapa na Lewiston. Kahawa yake naendelea kuinywa, na mkewe Ardith namheshimu kama ndugu wa tumbo moja. Lakini kumcheka Verlin sitaacha, na nyie mkishasikia mtanisaidia.

Mkitaka kumwelewa anzeni na kazi yake. Tangu alipotoka jeshini mpaka magoti yalipomgomea, Verlin alikaa kwenye kile kibanda cha mizani ya malori, kando ya maghala ya ngano ya ushirika. Lori la mkulima linapanda mizani likiwa limejaa, Verlin anatazama mshale. Linakwenda kumwaga ngano, linarudi tupu, anatazama mshale tena. Kisha anachota kikombe cha ngano, anakitia kwenye kipima unyevu, na huko nako kuna mshale. Mkulima amesimama pale ana vumbi mpaka kwenye kope, mvua haijaonekana tangu Julai, na Verlin anamwambia ngano yake ina maji. Ukibishana naye haongezi neno. Anakuonyesha mshale kwa kidole.

Na kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza, alikuwa anafagia mizani yake kwa ufagio, anaondoa matope, anaondoa hata punje, halafu anarudi kibandani kusubiri mshale ukae kwenye sifuri. Malori yamepanga foleni hadi kanisani, jua linawaka, watu wanapiga honi. Shomoro akitua kwenye mizani Verlin anatoka nje kumfukuza, anarudi, anaanza kusubiri upya. Wakimtukana anawajibu kwamba mizani isiyoanza na sifuri ni bati la kukanyagia tu. Hili la sifuri liwekeni pembeni, tutalirudia.

Hata mke alimpatia hapo hapo. Ardith alikuwa binti wa ranchi ya kule bondeni karibu na Riggins, aliyepandishwa huku wakati wa mavuno kumwendeshea mjomba wake lori la ngano, kabla hata hajafikisha umri wa leseni. Siku ya kwanza lori likiwa limejaa alibaki ndani, na liliporudi tupu akashuka kunywa maji. Verlin akatoa kichwa dirishani akamwambia apande tena, kwa sababu alimpima akiwa ndani na lazima ampime tena akiwa ndani.

"Kwa hiyo uzito wangu umeshaupata," Ardith akamwambia, "na jina hujaniuliza."

Wakaoana theluji ya mwaka uliofuata ilipoyeyuka. Watu walisema yule binti kapata mume makini. Umakini kweli aliupata, tena wa kumshinda kula.

Sasa, alipostaafu, Verlin akabaki bila mshale hata mmoja wa kutazama. Ndipo akanunua gari la mjane wa mchungaji wetu wa Kilutheri. Ni gari la dizeli la zamani, la Kijerumani, rangi ya chai iliyozidi maziwa, zito kama kabati la nguo. Asubuhi ya baridi linakohoa moshi mweupe unaovuka barabara mpaka kwangu, lakini likishawaka halikusumbui tena mpaka ulizime mwenyewe. Mchungaji alilipandisha milima yote ya upande huu wa Idaho akienda kubatiza na kuzika, na kwenye dashibodi lilikuwa na geji zake za kiwandani: ya dizeli, ya presha ya oili, ya joto la maji. Kwa mtu ambaye nia yake ni kufika mahali, hizo zinatosha na kubaki.

Verlin hazikumtosha. Alisema geji za kiwandani zimetengenezwa kumtuliza dereva. Mshale unasimama katikati, alisema, hata kama ndani kunaungua.

Ya kwanza kuongeza ilikuwa geji ya joto la ekzosi. Wenye dizeli za zamani wana dini yao, na hiyo ndiyo wanayobatizwa nayo. Unatoboa tundu kwenye chuma cha ekzosi, karibu kabisa na injini kabla moshi haujafika kwenye turbo, ile feni inayosukumia injini hewa, unapenyeza humo kijiti cha kupimia. Hofu yao ni zile chembe za chuma zinazotoka kwenye drili, maana zikiingia ndani ya turbo zitaitafuna. Basi wana utaratibu wao: unatoboa injini ikiwa inanguruma, ili moshi wenyewe uzipulize chembe nje. Jumamosi moja nikachungulia nikamwona Ardith amekaa ndani ya gari na kanzu yake ya kulalia, anakanyaga mafuta kwa amri, na mumewe amelala kifudifudi juu ya injini na drili mkononi. Tundu lilipofunguka moshi wote ukamtokea usoni. Aliinuka pale kama mtu aliyebusu sufuria ya kuni, anacheka kwa furaha.

Baadaye zikaja ya presha ya turbo, ya presha ya oili, ya joto la maji, na ya joto la giaboksi. Zikawa tano. Alizipanga kwenye ubao aliouchonga mwenyewe, akaupaka vanishi, akaufunga kwa skrubu juu ya dashibodi, mbele kabisa ya geji za mchungaji. Zile za zamani zikafunikwa zote, na nusu ya geji ya mwendo ikaenda nazo. Mwendo wa polepole alikuwa anauona. Ukizidi hapo anamwomba Ardith ainame achungulie amwambie.

Pale kituo cha mafuta, kwenye meza yetu ya kahawa, walimsulubu. Merle Trautman, anayelima ekari za kule kwenye mteremko, alimuuliza kama siku hizi gari analiendesha au analiuguza. Verlin akasema mgonjwa asiyepimwa bado ni mgonjwa. Merle akamwambia basi na yeye asimame hapo apimwe, maana ana dalili. Tulicheka mpaka mhudumu akaja kuuliza kuna nini. Verlin alimaliza kahawa yake akatoka nje kuangalia kama oili imepoa.

Ingekuwa kucheka tu, nisingekuwa na hadithi. Lakini kulikuwa na mtu aliyekuwa analipia vicheko vile, na mtu huyo ni Ardith.

Kila Sikukuu ya Shukrani Ardith alikuwa anarudi kule Riggins, kwenye nyumba aliyozaliwa, ambako dada yake Marlys alibaki na ranchi. Chakula chenyewe kilikuwa kisingizio. Watu wakishashiba, wale dada wawili wanaingia jikoni na kufunga mlango, na asiingie mtu. Ardith anaosha vyombo, Marlys anafuta. Yaliyompata kila mmoja mwaka mzima yanasemwa pale kwenye karo, mikono ikiwa majini, na kwa simu hawakuwahi kuyasema. Mama yao na shangazi yao walifanya vivyo hivyo, kwenye karo lile lile.

Na kati yetu na Riggins kuna mlima wa Winchester. Unashuka Lewiston, unafuata kijito mpaka Culdesac, halafu barabara inaanza kujipinda kwenda juu. Mchungaji aliupanda huku akiimba. Verlin aliupanda huku akisoma mishale.

Mwaka wa kwanza wa geji, ile ya ekzosi ikaanza kusogelea wekundu wa hatari. Ekzosi ya gari linalopanda mlima huwa ya moto, hata mimi najua. Verlin akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka likawapita lori lililobeba nyumba, nyumba nzima na milango yake. Hatimaye akageuza. Pai waliyokuwa wameibeba tuliila barazani kwangu, na Ardith hakumaliza kipande chake.

Mwaka wa pili ilikuwa geji ya oili. Hiyo ina kimpira chembamba cha plastiki kinacholeta oili yenyewe kutoka kwenye injini mpaka nyuma ya ubao. Verlin alikipitisha kwenye ukingo wa bati, bati likakisugua, na katikati ya mlima kikapasuka. Oili ya moto ikamwagika ndani ya viatu vya kanisani vya Ardith. Gari halikuwa na kasoro yoyote mpaka alipoliwekea mlinzi, na mlinzi ndiye aliyeiba. Walirudi wakivutwa. Lakini mshale ulikuwa umeshuka mpaka chini oili ilipomwagika, na Verlin alitueleza mezani, kwa fahari kabisa, kwamba hiyo ni dalili geji inafanya kazi vizuri.

Mwaka wa tatu, Oktoba, Marlys akapiga simu. Ranchi imepata mnunuzi. Krismasi nyumba itakuwa tupu. Shukrani ya mwaka huu ndiyo ya mwisho ndani yake.

Ardith alimwambia mumewe mbele yangu, anakunja shuka, sauti ya kawaida kabisa. "Mwaka huu nafika, Verlin."

Verlin akaapa. Akasema nyaya zote amezipitia upya, mpira wa oili ameubadilisha, gari halijawahi kuwa salama namna hii. Ardith akamwangalia, akaendelea kukunja shuka lake.

Siku yenyewe ilikuja na ukungu mzito, mchana ukafanana na alfajiri, na taa kubwa zikawashwa tangu nyumbani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kwa sababu Ardith alisema mtu asile bata mzinga peke yake, na daktari wangu wa macho alishanikataza usukani. Mapajani nilikuwa na pai ya maboga, na pembeni yangu lefse, zile chapati za viazi walizokuja nazo mababu zao kutoka Norwei, zimefungwa kwenye karatasi ya bati na kuviringishwa taulo la jikoni zisipoe. Ardith alikuwa amevaa viatu vipya. Hakuna aliyevisemea.

Culdesac tukaipita vizuri. Mlima ukaanza, kona ya kwanza, kona ya pili, na mimi huku nyuma nikaanza kuamini. Kisha nikaona bega la Verlin likipanda.

"Mama," akasema. Ndivyo anavyomwita mkewe. "Maji yanachemka."

Akaegesha pale pembeni ambapo malori hufunga minyororo kwenye matairi wakati wa theluji, akazima injini, akaacha ufunguo umefunguliwa ili mshale uendelee kuonekana, akatoka kufungua boneti. Nikachungulia. Hakukuwa na mvuke wala harufu, wala tone chini. Ukungu tu, na Verlin amesimama ndani yake kashika kiuno. Akarudi dirishani akatangaza uamuzi: tungoje ipoe, halafu tugeuze polepole, usalama kwanza.

Ardith alikuwa anatazama mbele. Akasema, "Umeacha taa zinakula betri." Akanyoosha mkono mwenyewe akazima taa.

Mshale ukaanguka. Haukushuka taratibu kama kitu kinachopoa. Ulikaa chini ghafla kama mtu aliyevutiwa kiti. Ardith akautazama. Akawasha taa, mshale ukapanda hadi kwenye wekundu. Akazima, ukaanguka.

"Verlin, njoo."

Akaja, akainama dirishani.

"Injini inafanya kazi?"

"Nimeizima, mama."

"Tazama basi." Akazima taa.

"Imeanza kupoa," Verlin akasema.

Ardith akawasha. "Na sasa imechemka?"

Nilimwona Verlin usoni. Alielewa pale pale, yeye si mpumbavu wa kuzaliwa, ni wa kujitakia. Zile geji tano na vibalbu vyake vya ndani, nyaya zake za kurudishia umeme alikuwa amezibana zote kwenye skrubu moja, na skrubu yenyewe kaifunga kwenye bati lenye rangi, ambapo umeme unapita kwa shida. Ukiwasha taa, vibalbu vinawaka pamoja nazo, umeme wao unasongamana kwenye njia ile moja, na mshale unasukumwa juu kuliko joto lenyewe; mlima ukiongeza joto kidogo tu, unafika kwenye wekundu. Kwa hiyo geji ile ilikuwa inapima taa. Verlin akaanza kutufafanulia, amesimama kwenye ukungu, vizuri kabisa, kama anasimulia habari ya mtu mwingine.

Ardith akamwacha amalize.

"Sifuri yake uliiangalia?" akamuuliza.

"Sifuri gani?"

"Hii geji. Kabla hujaanza kuiamini. Uliinjika maji jikoni, ukachovya kile kidude chake, ukaangalia kama inasema kweli, taa zikiwaka na taa zikizimwa?"

Verlin akatazama viatu vyake.

"Umewasimamisha watu juani na malori yao miaka yote ile kwa ajili ya shomoro," Ardith akasema. Bado sauti yake ilikuwa ile ya kukunjia shuka. "Mjomba wangu ulimsimamisha. Mimi ulinirudisha ndani ya lori na kiu yangu."

Na Verlin, Mungu amsaidie, akamjibu, "Hii siyo mizani, mama."

Nimesikia mengi ya kipuuzi mezani petu pale kituoni, na mengine nimeyasema mwenyewe. Hilo ndilo linaloongoza.

Wala hakuishia hapo. Akasema kwa kuwa tatizo sasa limejulikana, la busara ni kurudi nyumbani, arekebishe ule waya kwa utulivu, halafu twende Krismasi na geji zinazoaminika. Alisema Krismasi. Mimi niliikumbatia pai yangu.

Ardith akainama mpaka shavu likagusa dashibodi, akachungulia nyuma ya ule ubao wa vanishi, kwenye geji ya maji ya mchungaji.

"Mshale upo katikati," akasema. "Pale pale alipouacha marehemu." Kisha akanigeukia. "Jirani, nipe hilo taulo."

Nikazifungua lefse, nikampa taulo. Akalitandika juu ya ubao, juu ya geji zote tano, akachomeka ncha zake nyuma taratibu, kama anavyofunika unga uumuke. Akashuka, akazunguka kwa mbele, akaibamiza boneti, akafungua mlango wa dereva.

"Kaa kule."

"Mama, gari hili linataka mtu anayejua kuli..."

"Mimi nilikuwa naendesha tani za ngano wakati wewe unafukuza ndege. Kaa kule, Verlin."

Akaenda akakaa.

Nimepanda mlima wa Winchester na watu wengi, lakini vile sijawahi. Ardith aliliweka gari kwenye gia ya chini akaliacha livute, turbo ikaanza kupiga mluzi, na kwenye sehemu ya njia mbili tulilipita trela la farasi. Verlin alishika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili. Mara moja mkono mmoja ukaponyoka kwenda kufunua ncha ya taulo, na Ardith, bila kuondoa macho barabarani, akauchapa kofi la kutosha kusikika huku nyuma. Ukarudi kwao. Mpaka juu hakuuliza tena lolote, ila alikuwa anasikiliza injini kichwa kimeinama upande, na nadhani ilikuwa mara yake ya kwanza kuisikia.

Kule juu ukungu ukaisha, mashamba yakatokea na jua lake. Ardith akazima taa.

"Haya," akasema, "mgonjwa wako kapona."

Tulifika Riggins watu wameshakula. Marlys alikuwa amesimama mlangoni, na kwa alivyokuwa mwekundu puani alikuwa amesimama pale muda. Hakutuuliza kilichotuchelewesha, alishauliza miaka miwili mfululizo akachoka. Alivua aproni yake akamfunga mdogo wake kiunoni, hata koti Ardith hajavua, wakapita mezani bila kugusa chakula, wakaingia jikoni, mlango ukafungwa.

Tuliobaki tulikaa sebuleni. Mimi nililetewa bata mzinga wa baridi na mchuzi. Verlin alipata mpwa mmoja mwenye adabu akaanza kumweleza habari ya nyaya za kurudishia umeme, na yule mpwa akawa anaitikia huku anatafuta mlango. Kutoka jikoni zilikuja sauti mbili na maji, wakati mwingine maji peke yake. Sahani za watu wale hazikuwa nyingi kiasi hicho. Maji yatakuwa yalipoa, yakamwagwa, yakatiwa mengine. Kahawa ilikuwa huko ndani na kila mtu aliitaka, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyethubutu kuifuata.

Waya wenyewe Verlin aliutengeneza tuliporudi, kwa muda wa kuchemsha yai. Alikwangua rangi, akafunga skrubu upya, kwisha. Geji zinasema kweli sasa, zote tano, na hakuna anayeziona, kwa sababu taulo lipo pale hadi leo. Merle Trautman alipoliona alivua kofia, akauliza mazishi ni lini.

Jumatatu ni siku ya Ardith ya kufua, na taulo anafua pamoja na nguo nyingine. Likiwa linakauka kwenye kamba, mimi kutoka barazani kwangu humwona Verlin amekaa ndani ya gari uani, injini imezimwa, ufunguo uko jikoni, anaitazama mishale yake mitano iliyolala kwenye sifuri. Anaweza kukaa hivyo mpaka taulo likauke. Ardith akitokea na kapu la nguo, anashuka.